Kipimo cha homoni kimetoka chini, rafiki anataka nichome sindano

Shikamoo daktari,

Mimi ni dereva wa malori ya masafa, nina miaka 41, naishi Mbeya na mke wangu na mabinti zetu wawili. Napeleka mzigo kutoka Dar hadi Lubumbashi, na kama unaijua njia ile huna haja ya kuelezwa: foleni mpakani Tunduma, foleni mpakani Kasumbalesa, na mwenye gari anapiga simu kila saa kuuliza umefika wapi. Nalala kwenye kabini kwa muda wa saa nne, tano, siku nyingine tatu. Macho yakianza kufunga nakunywa enaji. Chakula ni kile kinachopatikana kando ya barabara, mara nyingi chipsi mayai na soda, jioni nyama na bia mbili au tatu.

Kwa muda sasa sijisikii mwanaume. Hamu imepotea. Narudi nyumbani baada ya wiki kadhaa, mke wangu amenisubiri, na mimi ninachotaka ni kulala tu. Asubuhi jogoo hawiki. Mke wangu si mtu wa maneno mengi, lakini juzi aliniambia, "Naona unashiba huko njiani." Daktari, Mungu ni shahidi wangu, sina mtu. Tena tunatafuta mtoto wa tatu, mwaka umepita na hakuna dalili. Yeye ana miaka 36.

Mwezi uliopita niliingia Dar baada ya kuendesha usiku kucha. Nikashusha mzigo, nikala, na saa tisa alasiri nikapita kwenye maabara moja ya binafsi nikapima testosteroni, ile homoni ya kiume. Karatasi ilitoka 2.4 ng/mL. Pembeni pameandikwa kawaida ni 2.5 hadi 8.4, na mbele ya jina la kipimo pana herufi L nyekundu. Rafiki yangu mmoja anayenyanyua vyuma alipoiona akasema dawa ipo, sindano ya mafuta, unachoma tako kila baada ya wiki mbili, mwezi hauishi umekuwa kijana. Shemeji yangu naye aliniletea vumbi la Kongo. Nilijaribu, moyo ukanienda mbio mpaka nikaogopa, sikurudia.

Nina kilo 104, urefu sentimita 172, kiuno nimejipima ni sentimita 113. Mara ya mwisho nesi alinipima presha akapata 148 kwa 94, akaniambia nipumzike. Nakoroma hadi watoto wanasikia chumba cha pili.

Jambo moja linanishangaza. Mwezi wa nne nilikwenda msibani Njombe nikakaa wiki nzima. Nalala mapema, nakula ugali na maharage, bia hakuna, natembea kwenda shambani na kurudi. Siku za mwisho asubuhi mambo yalirudi. Niliporudi barabarani yakapotea tena.

Nichome, nisichome? Na utingo wangu, kijana wa miaka 24, anauliza kama na yeye anaweza kuchoma ili ajaze kifua.

Dereva wa Masafa, Mbeya

*

Marahaba, ndugu yangu. Jibu kwanza, maelezo baadaye: usichome.

Sababu ya kwanza umeiandika mwenyewe bila kuiona. Mnatafuta mtoto. Korodani hazifanyi kazi kwa hiari yake, zinaamrishwa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, pituitari, kwa homoni mbili zinazoitwa LH na FSH. Ukichoma testosteroni kutoka nje, ubongo unaona damu imejaa na unaacha kutuma amri. Korodani zinanyamaza, zinasinyaa, na mbegu zinaacha kutengenezwa, kwa sababu mbegu zinahitaji testosteroni nyingi mno ndani ya korodani zenyewe, kuliko ile inayozunguka kwenye damu. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuijaribu sindano hiyo hiyo kama uzazi wa mpango wa wanaume. Matokeo yalitoka mwaka 1990: kwa miligramu 200 kila wiki, wanaume walio wengi walikuwa hawana mbegu hata moja kwenye shahawa ndani ya miezi sita. Ukiacha, kwa kawaida zinarudi, lakini ni baada ya miezi mingi, na wapo wanaosubiri zaidi ya mwaka. Rafiki yako anakuuzia uzazi wa mpango, na sidhani kama anajua.

Sasa tuiangalie karatasi yako. Testosteroni hupanda usingizini na kufika kileleni asubuhi, ikishuka kadiri siku inavyosonga. Ndiyo maana hupimwa kati ya saa moja na saa nne asubuhi, mtu akiwa hajala, na hurudiwa siku nyingine kabla ya kutoa hukumu. Wewe umepima saa tisa alasiri, umeshiba, hujalala usiku kucha. Chakula peke yake kinaishusha: wanaume waliopewa gramu 75 za glukosi katika utafiti mmoja uliotoka 2013, testosteroni yao ilishuka kwa wastani wa robo. Usingizi nao una habari yake. Chuo Kikuu cha Chicago, mwaka 2011, kilichapisha majibu ya vijana kumi wenye afya walioruhusiwa kulala kwa muda wa saa tano tu kila usiku, wiki moja tu, na testosteroni yao ya mchana ikapungua asilimia 10 hadi 15. Hao walikuwa wanalala maabara, kwenye vitanda. Wewe unalala kabini, Tunduma, huku injini za wenzako zinanguruma.

Sisemi kipimo ni cha uongo. Madaktari wa mfumo wa mkojo wa Marekani huanza kuhesabu upungufu chini ya 3.0 ng/mL, na lazima iwe asubuhi mbili tofauti, pamoja na dalili. Dalili unazo. Inawezekana kabisa hata ukipima vizuri bado utatoka chini kidogo. Swali langu ni kwa nini, na jibu ninaloliona kwenye barua yako liko kwenye ile futi ya kupimia kiuno.

Sentimita 113. Mpaka ambao Shirikisho la Kimataifa la Kisukari linautumia kwa wanaume wa Afrika kusini mwa Sahara ni 94. Mafuta ya kitambi, hasa yale ya ndani yanayozunguka ini na utumbo, hayakai bure. Yana kimeng'enya kinachoitwa aromatesi ambacho huchukua testosteroni na kuigeuza kuwa estrojeni, homoni ambayo wanawake wanayo kwa wingi na wanaume wanayo kidogo. Estrojeni ikizidi, ubongo unapokea ujumbe ule ule wa kwamba homoni zimetosha, na amri kwenda korodani zinapungua. Hapo hapo mwili wenye kitambi unakuwa mgumu kwa insulini. Kongosho linamwaga insulini zaidi ili sukari ishuke, ini linajaa mafuta, na ini hilo linapunguza kutengeneza protini inayobeba testosteroni kwenye damu. Protini hiyo ikipungua, jumla ya testosteroni inasomeka ndogo hata kama ile iliyo huru, ambayo ndiyo inayofanya kazi, haijapungua sana. Kwa mtu mwenye uzito wako ningetaka maabara ipime na hiyo protini, SHBG, ndipo tujue upungufu ni wa kweli kiasi gani.

Na gurudumu linazunguka upande wa pili pia. Testosteroni ikikaa chini muda mrefu, misuli inapungua, mafuta yanaongezeka, na misuli ndiyo inayomeza sukari nyingi baada ya chakula. Wagonjwa wa saratani ya tezi dume wanaopewa dawa za kuzima testosteroni hupata kisukari zaidi ya wenzao, kwa hiyo hili si nadharia. Lakini kwa mwanaume wa miaka 41 mwenye kitambi, mara nyingi pa kulikamatia gurudumu ni kwenye kitambi.

Ushahidi wangu mkubwa ni Njombe. Wiki moja ya kulala, maharage, kutembea na bila bia, na jogoo akawika. Korodani zilizokufa haziamki kwa sababu ya msiba. Pituitari yenye uvimbe haiponi kwa hewa ya kijijini. Mitambo yako inafanya kazi, ila inabanwa, na kilichoondoka wiki ile ndicho kinachoibana. Kama ungeniandikia sentensi hiyo peke yake, bila ile karatasi, ningekuwa nimeshajua nusu ya jibu.

Unauliza moyoni kama uzee umekupiga hodi. Hapana. Utafiti wa wanaume 3,369 wa miaka 40 hadi 79 katika vituo nane vya Ulaya, uliochapishwa 2010, ulitafuta wenye upungufu wa kweli unaoendana na umri, yaani dalili tatu za unyumba pamoja na vipimo vya chini. Waliopatikana ni kama asilimia 2. Upungufu huo ulikwenda na unene na maradhi kuliko unavyodhani.

Habari njema iko hapa. Tafiti za wanaume wanene waliopunguza uzito kwa chakula, zilipokusanywa pamoja, zilionyesha kwamba aliyepunguza karibu asilimia 10 ya uzito alipandisha testosteroni kwa wastani wa 0.8 ng/mL hivi. Kwako hiyo ni kilo kumi, na 2.4 yako inakuwa 3.2 bila sindano, bila kuzima mbegu. Ni wastani, kwa hiyo sikuahidi namba. Ila hakuna duka la dawa linaloweza kukuuzia kitu hicho pamoja na presha kushuka na magoti kupona.

Nisiwe mkali mno kwa sindano. Wapo wanaozihitaji: aliyeharibika korodani kwa matubwitubwi au jeraha, aliyezaliwa na tatizo la kromosomu, mwenye uvimbe wa pituitari. Kwa hao ni tiba halali chini ya daktari. Hata kwa wenye kitambi, utafiti mkubwa wa Australia wa 2021 uliwachukua wanaume 1,007 wa miaka 50 hadi 74, wote wakiwekwa kwenye mpango wa chakula na mazoezi, nusu wakachomwa testosteroni na nusu sindano isiyo na dawa ndani. Baada ya miaka miwili waliokuwa na kisukari ni asilimia 12 kwa waliochomwa na 21 kwa wenzao. Si kidogo. Lakini zaidi ya mmoja kati ya watano waliochomwa damu yao ilikuwa nzito kupita kiwango cha usalama, na walikuwa wanafuatiliwa na madaktari. Rafiki yako wa vyuma atakupima uzito wa damu na nini? Utafiti mwingine wa Marekani, 2023, uliwafuata wanaume zaidi ya 5,000 wenye hatari ya moyo. Mshtuko wa moyo na kiharusi havikuzidi kwa waliotumia testosteroni, jambo lililotutuliza wengi, ila mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na damu kuganda mapafuni vilizidi. Mtu anayekaa kwenye usukani siku nzima tayari ana hatari ya damu kuganda miguuni.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ya homoni yako ni vitu viwili ulivyovitaja kwa kupita. Cha kwanza ni presha. 148 kwa 94 haitibiwi kwa kupumzika, inarudiwa kupimwa siku nyingine, na ikibaki juu ya 140 kwa 90 inatibiwa. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo ikianza kuziba huonekana huko kwanza, wakati mwingine miaka kadhaa kabla ya kifua kuuma. Cha pili ni kukoroma. Muulize mama watoto kama huwa unanyamaza ghafla, pumzi inakatika, kisha unashtuka na kuvuta hewa kwa nguvu. Kama ndivyo, unaweza kuwa unakabwa usingizini mara nyingi kila usiku, na hapo hata ukilala kwa muda wa saa nane utaamka umechoka. Ugonjwa huo unapandisha presha, unashusha testosteroni, na sindano inaweza kuuzidisha. Kwako una hatari ya tatu: unaendesha semi-trela. Huo usinzivu unaoufukuza kwa enaji huenda una jina hospitalini, na tiba yake si kopo.

Kwa hiyo mkienda kwenye hospitali ya rufaa, hapo hapo Mbeya, omba vipimo hivi kwa safari moja. Sukari kabla ya kula, au kile cha wastani wa miezi mitatu kinachoitwa HbA1c. Sukari ya asubuhi ya 7.0 mmol/L au zaidi, au HbA1c ya asilimia 6.5 au zaidi, ikithibitishwa, ni kisukari. Mafuta ya damu, ini, figo. Testosteroni kwa masharti niliyoyasema, na usiende asubuhi ya kutoka safari. Pumzika kwanza siku kadhaa nyumbani. Ikitoka chini tena, ndipo LH na prolaktini, homoni nyingine ya pituitari, zifuate, zitatuambia tatizo liko korodani au kichwani. Mwambie daktari ukweli kama unatumia tramadoli, ile dawa kali ya maumivu, au vidonge vingine vya aina hiyo kuvumilia barabara, maana navyo hushusha testosteroni, na nimeona madereva wengi wanaovificha kwa aibu.

Kuhusu mtoto, pimeni wote wawili. Wewe kipimo cha shahawa, yeye aonane na daktari wa wanawake, kwa sababu akishapita miaka 35 hatungoji mwaka, tunangoja miezi sita. Na kabla ya yote chukueni kalenda. Mwanamke hushika mimba kwenye siku kama sita tu za kila mzunguko, zinazoishia siku yai linapotoka. Tazameni ni miezi mingapi mwaka huu ulikuwa nyumbani siku hizo. Huenda mmekuwa mkimtafuta mtoto huku baba yuko Kasumbalesa.

Vumbi la Kongo achana nalo. Hakuna ajuaye kuna nini ndani ya pakiti, na mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekamata mara nyingi dawa za "asili" zilizochanganywa kimyakimya na sildenafili, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume. Mtu anayetumia dawa za moyo za nitrati anaweza kuzimia au kufa kwa mchanganyiko huo. Daktari akiona unahitaji dawa ya kusaidia unyumba kwa sasa, atakuandikia yenye dozi inayojulikana. Mihogo mibichi, karanga na nazi sina ugomvi navyo. Supu ya pweza ni tamu na ina protini, kunywa kwa raha zako, ila usitarajie ikabadilishe ile L nyekundu.

Chakula cha barabarani nakijua, sitakuambia ununue parachichi la kwenye picha. Anza na vinywaji. Soda ya nusu lita ina kama gramu 50 za sukari, zaidi ya vijiko kumi vya chai, na enaji nyingi haziko mbali na hapo. Weka dumu la maji kabini. Kwa mama lishe omba ugali nusu, maharage au dagaa au samaki, na mboga za majani mara mbili. Chipsi ziwe za siku moja moja. Bia ziishe kwenye safari. Kwenye foleni ya mpakani, badala ya kukaa ndani ya gari, tembea nusu saa, na jipe kazi ya kuchuchumaa na kusimama ukishikilia bampa mpaka mapaja yawake moto. Utingo atacheka. Kuhusu usingizi, zungumza na mwenye gari juu ya kubadilishana dereva kwenye njia ndefu, na uende ukiwa na karatasi ya hospitali mkononi, si malalamiko.

Hilo la kutojisikia mwanaume nataka nilitolee neno. Watafiti waliofanya kazi na Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi walichapisha mwaka 2009 kwamba akina baba wa Kihadzabe, ambao hukaa sana na watoto wao wadogo, wana testosteroni ya chini kuliko wanaume wenzao wasio na watoto. Kwa majirani zao Wadatoga, ambao malezi ya watoto wachanga huachiwa akina mama, tofauti hiyo haikuonekana. Mhadzabe anatoka na upinde wake kuwinda na hakuna anayemwambia amepungua. Homoni hii hupanda na kushuka kufuata maisha.

Mke wako mwonyeshe karatasi na barua hii. Amekuwa akitafuta maelezo na umemwacha ajitungie. Nenda naye hospitali, hasa siku ya kueleza kukoroma, kwa sababu wewe ukikoroma huwa hupo.

Utingo wako mwambie hapana, na mwambie leo. Ana miaka 24, korodani zake zinafanya kazi, na akichoma ili ajaze kifua atazizima kwa muda asioujua. Akija kuacha, ubongo wake utakuwa haujaanza kutuma amri tena, na ndipo atakapokuwa na homoni ndogo kuliko yako. Kama anataka kifua, mizigo ya kufunga na kufungua ipo, mayai yapo, na alale.